Kirusi cha kunde chawafunza wanasayansi kutega molekuli

Na Mwandishi Wetu

KIRUSI hujulikana zaidi kwa maradhi kinayoeneza. Hata hivyo, kwa wanakemia gamba lake la nje ni somo la namna ya kuunda chombo kidogo mno chenye vitundu, kinachoweza kunasa kitu kimoja miongoni mwa maelfu yaliyomo katika damu.

Mfano uliochunguzwa kwa kina ni kirusi kinachotia mabaka ya manjano majani ya kunde, kijulikanacho kwa kifupi kama CCMV. Gamba lake lina upana wa takriban nanomita 28. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Limejengwa kwa vipande 180 vya protini ya aina moja, ambavyo hujipanga vyenyewe.

Asidi inapopungua hadi kipimo cha pH kuvuka 6.5, na madini ya kalsiamu yakakosekana, gamba hilo huvimba kwa takriban asilimia 10. Hapo vitundu 60, kila kimoja chenye upana wa nanomita 2 hivi, hufunguka. Asidi ikirejeshwa, vitundu hufungwa na kilichoingia hubaki ndani.

Mwaka 1998, watafiti Trevor Douglas na Mark Young walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyotumia gamba hilo, likiwa tupu, kufungia kemikali nyingine.

Lakini kitundu peke yake huchuja zaidi kwa ukubwa. Ili kunasa kitu mahususi, ukuta wa ndani huhitaji kuwekwa kingamwili, yaani protini zinazomtambua adui mmoja na kumshika.

Njia hiyo ilifuatwa nchini Ujerumani. Mwaka 2021, Hendrik Dietz wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich na wenzake walitangaza magamba ya pembetatu za DNA, yaliyofuata kanuni za maumbo ya virusi zilizotolewa na Donald Caspar na Aaron Klug mwaka 1962. Yakiwa na kingamwili ndani, magamba hayo yalivifunika virusi na kuvizuia kuingia katika seli za binadamu zilizooteshwa maabara.

Umuhimu wake ni kwamba antibaiotiki haziui virusi, na magonjwa mengi ya virusi hayana dawa. Mtego huu hauhitaji kukiua kirusi, hukifungia tu.

Hata hivyo, matokeo hayo ni ya maabara. Kabla ya kumfikia mgonjwa, mtego lazima udumu ndani ya damu bila kuchochea kinga ya mwili dhidi yake.