Kadi za besiboli zinazouzwa mamilioni ya dola mnadani

MNAMO Agosti 2022, kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani kiliuzwa nchini Marekani kwa dola milioni 12.6. Kilikuwa kadi yenye picha ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa klabu ya New York Yankees, iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952. Aliyeiuza aliinunua mwaka 1991 kwa dola 50,000.

Kadi za aina hii hazikutengenezwa ziwe mali. Katika karne ya 19, kampuni za tumbaku zilianza kuzitia ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke na wateja wavutike. Baadaye zikauzwa pamoja na chingamu. Watoto walizibadilishana, wakazikunja, na hatimaye nyingi zikaishia jalalani. Hata Topps yenyewe ilitupa baharini mabaki ya kadi zake za 1952 baada ya kukosa wanunuzi.

Uhaba huo ndio chanzo cha kwanza cha bei za leo. Kadi ya Honus Wagner, iliyotolewa na American Tobacco Company kati ya 1909 na 1911, ndiyo mfano mashuhuri zaidi. Uchapishaji wake ulisimamishwa mapema kwa sababu Wagner hakuridhia picha yake itumike. Wapo wasemao kwamba hakutaka watoto wanunue sigara, na wengine husema alidai malipo zaidi. Zinazojulikana kubaki ni takriban 60 pekee. Moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25 mwaka 2022, ingawa ilikuwa imechakaa.

Umri peke yake hauleti thamani. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, Wamarekani wengi walinunua kadi mpya na kuzihifadhi wakitumaini utajiri. Kampuni nazo zilichapisha kadi kwa wingi kupindukia. Kwa kuwa kila mtu alizitunza, nyingi leo hazirudishi hata bei zilizonunuliwa.

Chanzo cha pili ni hali ya kadi. Kampuni maalumu hukagua pembe, kingo, rangi na uso wake, kisha huipa alama hadi 10. Tofauti ya alama moja yaweza kuongeza bei maradufu, na hapo ndipo ulaghai hupata mwanya.

Kadi moja ya Wagner, iliyopata kumilikiwa na nyota wa mpira wa magongo wa barafuni, Wayne Gretzky, ilipewa alama 8 na kampuni ya PSA. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Miaka sita baadaye, mfanyabiashara wa minada Bill Mastro, aliyeiuza katika miaka ya 1980, alikiri katika mahakama ya Chicago kwamba alikuwa amezipunguza kingo zake ili ionekane safi zaidi. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20 kwa udanganyifu katika minada yake.

Ama kweli, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu hatosheki na alama zilizoandikwa. Hutaka kujua pia kadi hiyo imepitia mikononi mwa nani.