Maneno Matano na Stempu Moja: Safari ya Kadi ya Krismasi

Kadi hiyo imekaa miaka mingi ndani ya kopo la biskuti la mama yangu, pamoja na vyeti vya ubatizo na risiti za ada za shule. Mama mdogo aliituma kutoka Kampala, Desemba 1973, kuja kwetu Moshi, na stempu yake ina majina ya nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Mume wa mama mdogo alikuwa mtumishi wa reli, enzi zile ambapo mtu wa reli angeweza kufanya kazi Tabora mwaka huu na mwakani akapangiwa Nakuru. Mbele ya kadi ametua ndege mdogo mwenye kifua chekundu, juu ya tawi lililofunikwa na theluji. Ndani, chini ya salamu za Kiingereza zilizochapwa kiwandani, mama mdogo ameandika kwa wino wa buluu: "Tumewakumbuka nyote. Tutawatembelea Pasaka. Msihangaike."

Mdomo wa bahasha haukubandikwa kwa gundi. Umechomekwa tu kwa ndani. Nilipokuwa mdogo nilidhani alisahau. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akifuata kanuni. Umoja wa Posta Duniani uliruhusu kadi za Krismasi na Mwaka Mpya zisafiri kwa bei ya machapisho, iliyokuwa nafuu kuliko ya barua, kwa masharti: bahasha iachwe wazi ili karani aweze kukagua, na maneno yaliyoandikwa kwa mkono yasizidi matano, nayo yawe ya adabu tu, yaani heri, pongezi, shukrani au pole. Mama mdogo alihesabu. Kiswahili humfumbata mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo matano yake yalitosha kusema jambo ambalo kwa Kiingereza lingetaka zaidi ya kumi. Habari ya Pasaka, kusema kweli, haikuwa salamu ya adabu bali taarifa ya safari, na karani mkali angeweza kudai bei ya barua. Hakudai.

Nimeanzia kwenye mdomo wa bahasha kwa sababu swali la kama kadi ya Krismasi inakufa hujibiwa mno kwa kuwalaumu vijana na simu zao. Historia yake inaonyesha jambo jingine. Kadi ni mtoto wa bei ya stempu. Stempu iliposhuka, ikazaliwa. Stempu ilipopanda na njia ya posta ilipoota majani, ikadhoofika.

Kabla ya 1840, barua nchini Uingereza ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyelipa ni mpokeaji. Maskini aliweza kuikataa barua ya mwanawe mlangoni kwa kukosa pesa ya kuikomboa. Rowland Hill alipigania bei moja kwa nchi nzima, na mwaka huo ikapatikana: senti moja ya Kiingereza, peni, kwa barua nyepesi, popote iendako, ikilipwa kabla na mtumaji. Barua zikatoka milioni 76 mwaka 1839 hadi milioni 169 mwaka 1840. Mmoja wa waliofanya kazi na Hill katika mageuzi hayo alikuwa mtumishi wa serikali aliyeitwa Henry Cole, ambaye baadaye aliongoza jumba la makumbusho ambalo leo ni Victoria and Albert la London.

Miaka mitatu baadaye, Cole akabanwa na mafanikio yake mwenyewe. Desemba 1843 alikuwa na rundo la barua za watu wanaostahili kujibiwa na hakuwa na muda. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee picha moja ya kuwatosha wote. Horsley alichora familia ikinyanyua glasi za divai, na pembeni akaweka watu wakiwalisha wenye njaa na kuwavisha walio uchi. Waliopinga ulevi walikasirika, maana katika familia ile mtoto mdogo naye alikuwa akinyweshwa. Zilichapwa takriban elfu moja, zikapakwa rangi kwa mkono, na zile ambazo Cole hakuzitumia zikauzwa kwa shilingi moja moja. Shilingi ile ilikuwa peni 12, kwa hiyo kadi iligharimu mara 12 ya stempu yake. Haikuwa kitu cha mtu wa kawaida.

Ilichukua karibu miaka 30 hadi ikawa ya watu wote, na hapo tena ni bei iliyofungua mlango. Mwaka 1870 Posta ya Uingereza ilishusha ada ya kadi na machapisho hadi nusu peni, wakati huohuo mashine za kuchapa picha za rangi zikizidi kuwa bora. Marekani, mhamiaji kutoka nchi za Wajerumani, Louis Prang, alianza kuuza kadi zake mjini Boston mwaka 1875. Picha za wakati ule zingemshangaza msomaji wa leo: maua ya kiangazi, vyura, paka waliovaa nguo, hata ndege waliokufa. Hori la Bethlehemu halikuonekana sana. Ndege mwenye kifua chekundu, anayeitwa robin, yeye aliingia kwa mlango wa posta wenyewe. Wapeleka barua wa Uingereza walivaa makoti mekundu, watu wakawabandika jina la ndege huyo, na wachoraji wakaanza kumchora akiwa na barua mdomoni. Kwa hiyo ndege aliyekuja Moshi kutoka Kampala alikuwa tarishi.

Wapeleka barua hao walifanya kazi kwelikweli. Uingereza waligawa barua hata siku yenyewe ya Krismasi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu aliweza kuketi mezani na familia yake na kadi ya rafiki ikaingia mlangoni mchana huohuo.

Huku kwetu kadi haikuingia mlangoni kwa mtu. Ililetwa na wamisionari, maofisa wa kikoloni na walimu wa shule za bweni, ikakuta nchi isiyo na namba za nyumba, ikatulia ndani ya sanduku la posta. Na sanduku lenyewe mara nyingi halikuwa la mtu mmoja: lilikuwa la parokia, la shule, la chama cha ushirika, au la mwenye duka aliyekubali kupokea barua za kijiji kizima. Majina yalisomwa baada ya ibada au kwenye gwaride la asubuhi. Kupata kadi lilikuwa jambo la hadharani. Ukisomwa jina lako mara tatu, hata aliyekuwa hakujui alikujua. Kisha kadi zilitundikwa kwenye uzi sebuleni, kutoka ukuta hadi ukuta, karibu na tawi la msonobari lililorembwa kwa pamba badala ya theluji. Sisi wa Moshi tulikuwa na theluji halisi juu ya Kibo, tukiiona toka uani, lakini pamba tuliiweka vilevile.

Kila mwenyeji wa Kilimanjaro anajua kwamba Desemba ni mwezi wa kurudi. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa na migomba husikia sauti za watu ambao haikuwasikia tangu mwaka jana. Katika desturi kama hiyo, kadi ilikuwa ya asiyefika. Kwa Cole ilikuwa njia ya kufupisha barua. Kwetu ilikuwa njia ya kuomba radhi kwa kutokuwepo. Ndiyo maana mama mdogo hakuandika "Heri ya Krismasi", maneno ambayo mtambo ulikwishayasema kwa Kiingereza. Aliandika kwamba atakuja Pasaka.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, posta ya pamoja ilivunjika nayo, na stempu yenye majina matatu ikawa ya wakusanyaji. Hata hivyo kadi ziliendelea kupita. Jirani zetu wa Burundi walikwisha kutoa, miaka ya 1960 na 1970, stempu za Krismasi zenye michoro ya Bikira Maria ya mabingwa wa kale wa Ulaya, nyingi zikiishia kwenye albamu za wageni. Mafundi wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kutengeneza kadi za majani makavu ya mgomba: mwanamke mwenye mtungi, twiga, hori lenye ng'ombe wenye nundu. Nazipenda kuliko zote. Nyingi zimevuka bahari kwenye mizigo ya watalii, na zilizobaki katika nyumba za Waafrika ni chache.

Desturi nyingine iliyokua hapa karibu haitajwi na wanaoandika historia ya kadi, nayo ni kadi za salamu za redio. Tanzania na Kenya, msikilizaji alinunua kadi iliyochapwa, akajaza majina ya anaowasalimu, akaituma kwa posta kituoni, na mtangazaji akaisoma hewani. Watuma salamu waliunda vyama vyao, wakajulikana nchi nzima kwa majina ya utani, wakatembeleana kwenye misiba na harusi za watu ambao mwanzo waliwajua kwa redio tu. Majira ya sikukuu orodha za majina zilikuwa ndefu kuliko taarifa ya habari. Ni kadi ileile iliyosomwa hadharani baada ya ibada, ila sasa uwanja ulikuwa nchi yote.

Tarehe 3 Desemba 1992 kijana wa Uingereza aitwaye Neil Papworth alituma kutoka kwenye kompyuta ujumbe mfupi wa kwanza kupokewa na simu ya mkononi. Ulikuwa na maneno mawili: Krismasi Njema. Hakuna aliyepanga iwe hivyo ili kuizika kadi, lakini ujumbe mfupi ulizaliwa ukiwa tayari umevaa nguo za kadi: mfupi, wa bei nafuu, wa adabu. Kanuni ya maneno matano ikageuka kanuni ya herufi 160. Halafu Machi 2007 M-Pesa ikaanza Kenya, na Tanzania mwaka uliofuata, na asiyefika nyumbani akaweza kutuma pesa ya mbuzi pamoja na salamu. Mbele ya huduma kama hiyo kadi ilikuwa na nini cha kusema? Shangazi aliyepokea pesa ya kiroba cha sukari na nyama hakuuliza kwa nini haikuja na picha ya theluji.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu kwetu ni hili: kadi ya Krismasi ya kupita posta imekwisha kufa, na tusijidanganye. Kadi kama kitu, hapana. Mwulize yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi Tanzania. Kadi ya mchango bado huhesabiwa, huandikwa jina, hupelekwa mkono kwa mkono, na kadi ya mwaliko hutaja kama ni ya mtu mmoja au wawili. Nazo sasa zinahamia kwenye simu, lakini hata huko zinabaki na jina la mwalikwa. Hilo jina ndilo linalonisumbua ninapofungua picha za Krismasi zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Zimemsalimu kila mtu, na hakuna hata mmoja aliyetajwa.

Ulaya kifo kinakuja taratibu zaidi, na kinakuja kwa njia ya stempu. Uingereza, stempu ya daraja la kwanza ilikuwa peni 60 mwaka 2012. Aprili 2025 ilifika pauni 1 na peni 70. Barua zilizokuwa takriban bilioni 20 katika mwaka 2004/05 zimeshuka chini ya bilioni 7. Hesabu ya 1843 imepinduka: leo mtu hununua pakiti ya kadi za hisani, kisha stempu ikamgharimu zaidi kuliko kadi. Kadi bado zinauzwa, tena hisani imezisaidia sana tangu UNICEF ilipotoa kadi yake ya kwanza mwaka 1949, mchoro wa msichana wa miaka saba wa Czechoslovakia aliyechora kwa shukrani kwa msaada ambao kijiji chake kilipata baada ya vita. Ila wengi sasa huzipeleka kwa mkono, kwa jirani na mfanyakazi mwenzao, na orodha ya walio mbali inapunguzwa kila mwaka.

Denmark ndiko mwisho ulikoonekana wazi. Ni nchi ambayo karani wa posta Einar Holbøll, mwanzoni mwa karne ya 20, akipanga milima ya kadi za Krismasi, aliwaza kwamba kila moja ingeweza kubandikwa kijistempu cha hisani kwa ajili ya watoto wenye kifua kikuu, wazo lililosambaa duniani. Huko huko, tarehe 30 Desemba 2025, posta ya taifa iliacha kugawa barua baada ya miaka 400, ikabaki na vifurushi. Barua zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 2000. Anayetaka kutuma kadi sasa huipeleka kwa kampuni binafsi. Yale masanduku mekundu ya mitaani yameng'olewa.

Chuo Kikuu cha Manchester Metropolitan kinatunza mkusanyo wa Laura Seddon, kadi zaidi ya 30,000 za enzi za Victoria na Edward, na watafiti huzisoma kujua watu walivyopendana, walivyochapa, walivyotumia pesa. Zetu ziko kwenye makopo ya biskuti, chini ya vitanda, zikiliwa na mende. Kila moja ina muhuri wa mji na tarehe, namba ya sanduku, mwandiko wa mtu, na mara nyingine ushahidi wa nchi tatu zilizokubaliana stempu moja. Naomba wanaozihifadhi kumbukumbu za taifa, na wanaosimamia makumbusho yetu ya mikoa, wazifuate kabla makopo hayajatupwa na wajukuu wanaobomoa nyumba za zamani. Mimi nimekwisha kupiga picha kadi ya mama mdogo, mbele, nyuma na bahasha yake, mdomo ukiwa wazi.

Pasaka ya 1974 walifika kweli. Walipitia Nairobi kwa basi, watu wanne na kuku mmoja, na mama alikuwa amekwisha kutandika vitanda tangu alipoisoma kadi.