PAMBA YA BT: MBEGU MPYA, SUMU ILE ILE (Sehemu ya 4)

Mama, leo tuache kidogo habari za chanjo na uji. Tuongee pamba, hiyo hiyo unayompangusia mtoto.

Adui mkubwa wa pamba ni funza. Anatoboa kitumba, anakula akiwa ndani, dawa haimfikii vizuri. Basi mkulima anapuliza, anarudia tena na tena. Wanasayansi wakachukua jini ya bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, wakaiweka kwenye pamba. Funza akiila, anakufa. Hiyo ndiyo pamba ya Bt.

India iliiruhusu Machi 2002. Mwanzoni dawa za funza zilipungua kweli, na wakulima wakaikimbilia. Baada ya miaka kumi na kitu, zaidi ya asilimia 90 ya shamba la pamba la India lilikuwa la Bt. Wapinzani wakasema mbegu ni ghali na kila msimu unanunua nyingine. Wakailaumu pia kwa wakulima waliojiua kwa madeni. Lakini tuwe wakweli, vifo hivyo vilikuwepo hata kabla ya 2002.

Halafu funza mwekundu akaizoea, kama vile vijidudu vinavyozoea antibiotiki tukizitumia ovyo. Bomba za dawa zikarudi shambani kwa nguvu. Mwaka 2017, wilaya ya Yavatmal, jimbo la Maharashtra, zaidi ya watu 20 walikufa kwa sumu ya dawa na mamia wakalazwa. Wengi walipuliza bila kinga, kwenye joto kali. Mbegu haikuwaua. Waliuawa na dawa ambayo mbegu iliahidi kuipunguza.

Kwetu Kenya, Baraza la Mawaziri liliidhinisha pamba ya Bt Desemba 2019. Mimi sikuambii baba watoto apande au asipande. Ninachokuomba ni usidhani mbegu mpya imemaliza habari ya sumu.

Akirudi kutoka kupuliza, avue nguo nje na aoge kwa sabuni kabla hajambeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Chupa ya dawa isigeuzwe ya maji. Ukiona mate mengi, jasho, mboni ndogo kama ncha ya sindano, kupumua kwa shida: usimtapishe, usimpe maziwa. Kimbia hospitali, na ubebe ile chupa tujue ni dawa gani.

Mtumie mama mwenzako aliye karibu na shamba.