Kabla ya Malipo ya Kwanza: Uanagenzi wa Upigaji Picha katika Pwani ya Afrika Mashariki

Historia ya upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki inaweza kusomwa kwa kufuata swali moja la kiuchumi, nalo ni hili: kosa la mtu anayeanza kazi lilikuwa likilipiwa na nani? Jibu limebadilika kila ufundi ulipobadilika, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini maandalizi ya kazi ya kwanza ya malipo, ambayo zamani yalifanyika ndani ya studio ya fundi, leo yamekuwa mzigo wa chipukizi mwenyewe.

Miongoni mwa picha za mwanzo za pwani hii ni zile za msafara wa Mfaransa Charles Guillain wa 1846 hadi 1848, zilizopigwa kwa mbinu ya daguerreotype, ambapo sura hunaswa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na kila bamba huwa picha moja isiyozaa nakala. Mbinu ya kolodioni, iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilileta kioo kilichoweza kutoa nakala nyingi, lakini ilidai kioo hicho kipakwe dawa, kipigiwe picha na kisafishwe kabla hakijakauka. Hata baada ya bamba kavu, lililobuniwa na Richard Leach Maddox mwaka 1871, kuanza kutengenezwa viwandani, vioo, dawa na karatasi viliagizwa kutoka ng'ambo kwa meli, hivyo kila bamba lililoharibika lilikuwa hasara ya mwenye studio.

Katika mazingira hayo studio za Wagoa, yaani watu wenye asili ya Goa nchini India, zilistawi Unguja kuelekea mwisho wa karne ya 19, zikiwemo za A. C. Gomes na J. B. Coutinho, zilizouza picha za watu na za mandhari na baadaye kadi za posta. Studio ilikuwa duka na wakati huohuo mahali pa uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa kuitumikia chini ya fundi. Ranchhod Oza, kwa mfano, alipitia katika studio ya Gomes kabla ya kufungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, studio ambayo baadaye iliendelezwa na mwanawe Rohit.

Mwanagenzi hakuanzia kwenye kamera, bali kwenye chumba cha giza, ambamo filamu na karatasi hutiwa dawa ili sura iliyonaswa ionekane. Karatasi ilisafishwa chini ya taa nyekundu, ikipitishwa katika dawa ya kutokeza sura, kisha ya kuizuia isiendelee kukolea, kisha ya kuidumisha, na mwisho ikasuuzwa kwa maji mengi. Dawa nyingi zilikusudiwa kutumika katika joto la takribani nyuzi 20, ilhali maji ya pwani huwa na joto zaidi, jambo linaloharakisha dawa na kulainisha utando wa jelatini uliobeba picha, kwa hiyo ilibidi kupoza maji kwa barafu au kupunguza muda. Baada ya hapo alijifunza kugusagusa negativu, ambayo ni picha yenye mwanga na giza vilivyogeuzwa, kwa penseli iliyochongwa ncha kali, ili kuondoa mikunjo na madoa usoni. Mteja hakuyaona makosa ya mwanagenzi, kwa kuwa yaliishia chumbani humo na kulipiwa na fundi, naye fundi alirudishiwa gharama yake kwa kazi ya kijana.

Filamu ya kuviringishwa ililegeza utaratibu huo bila kuuvunja. N. V. Parekh, aliyefungua studio Mombasa mwaka 1942, alisifika kwa ustadi wa kupanga taa za umeme na pozi la mteja, lakini Omar Said Bakor wa Lamu alijifundisha mwenyewe, akapiga picha mitaani kabla ya kufungua studio yake katika miaka ya 1960, na akajulikana kwa kuunganisha negativu kadhaa katika picha moja. Hata hivyo filamu ilikuwa na hesabu yake, mara nyingi picha 12 au 36, na anayejitegemea alilipia mwenyewe kila picha iliyoungua.

Maabara za rangi zenye mashine, zilizoenea kuanzia miaka ya 1980, zilikiondoa chumba cha giza katika mafunzo, kwani mtu aliweza kununua kamera, kupeleka filamu dukani na kuanza biashara, kama walivyofanya wapiga picha wa kivuko cha Likoni mjini Mombasa. Kamera ya dijitali ikamaliza gharama ya filamu, na kosa likaonekana papo hapo kwenye kioo. Lakini tukio halikupata nafuu hiyo: nikaha haisomwi tena kwa sababu betri imeisha, na kosa ambalo zamani lilibaki kwa fundi sasa linamwangukia mteja.

Kwa sababu hiyo, mambo ambayo chipukizi wa leo hushauriwa kuyatimiza kabla ya harusi yake ya kwanza, yaani kukagua ukumbi na mwanga wake mapema, kubeba betri na kadi za akiba, kuandikiana saa, idadi ya picha na arbuni, na kuuliza kama sherehe ya wanawake inahitaji mpiga picha mwanamke, kama ilivyo desturi katika familia nyingi za Kiislamu za pwani, ni majukumu ambayo zamani fundi aliyabeba kwa niaba ya mwanagenzi wake. Teknolojia imeshusha bei ya kujifunza kamera, lakini haikushusha bei ya kuaminiwa, na pale ambapo hakuna fundi wa kumdhamini, maandalizi hayo ndiyo dhamana pekee ambayo mpiga picha mpya anaweza kumpa mteja.