Urekebishaji wa marejeo yaliyopotea katika michoro ya DWG

Urekebishaji wa marejeo yaliyopotea ni kazi ya kurudisha uhusiano kati ya mchoro wa kompyuta na faili nyingine unazozitegemea, baada ya faili hizo kuhamishwa, kubadilishwa jina au kutenganishwa na mchoro wenyewe. Kazi hii huwakuta zaidi wasanifu majengo, wahandisi na watunza kumbukumbu wanaofungua hazina ya michoro ya zamani ya AutoCAD, ambayo huhifadhiwa katika faili za DWG.

== Asili ==

AutoCAD ilitolewa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mnamo Desemba 1982. Katika miaka ya mwanzo, aliyetaka kutumia mchoro mmoja ndani ya mwingine aliuchomeka kama bloku. Asili ikibadilika, nakala iliyochomekwa ilibaki vilevile. Toleo la 11 la mwaka 1990 lilileta marejeo ya nje: mchoro mama huhifadhi jina la faili na njia ya kuifikia, kisha huisoma upya kila unapofunguliwa. Ramani moja ya sakafu ikaweza kutumiwa na mhandisi wa umeme, wa maji na wa miundo kwa pamoja, na ukuta ukisogezwa, wote wanauona umesogea.

Faida hiyo kubwa ndiyo chanzo cha tatizo. Mchoro hauna tena kila kitu ndani yake.

== Sababu za kupotea ==

Sababu kuu ni njia kamili, yaani anwani inayoanzia kwenye herufi ya diski, kwa mfano P:\1998\HOSPITALI\SAKAFU1.DWG. Seva ikibadilishwa, diski ikipewa herufi nyingine, au miradi iliyokamilika ikihamishiwa kwenye folda ya kumbukumbu, anwani hiyo haifiki popote. Njia kamili ilikuwa chaguo la kawaida la programu hadi toleo la 2018, njia ya uhusiano, inayohesabiwa kuanzia folda ya mchoro mama, ilipochukua nafasi yake. Kwa hiyo hazina nyingi za miaka ya 1990 na 2000 zimejaa njia kamili.

Sababu nyingine ni mchoro kutumwa peke yake kwa barua pepe, na folda kupewa majina mapya.

== Dalili ==

Palipotakiwa kuwa na ramani ya sakafu huonekana mstari mdogo wa maandishi penye nukta ya kuchomekea, ukitaja njia iliyohifadhiwa. Mchoro ukitazamwa wote kwa pamoja, maandishi hayo yanaweza kuwa madogo kama vumbi, na mtu akadhani karatasi ni tupu. Picha iliyopotea huacha fremu yenye njia ndani yake. Fonti ya SHX isiyopatikana hubadilishwa na ile iliyotajwa katika mpangilio wa FONTALT, kwa kawaida simplex.shx, hivyo upana wa maandishi hubadilika na alama maalumu zinaweza kugeuka alama za kuuliza.

== Namna programu inavyotafuta ==

Njia iliyohifadhiwa ikishindikana, AutoCAD hutafuta kwa jina la faili: kwanza katika folda ya mchoro mama, kisha njia za mradi zilizowekwa kupitia mpangilio wa PROJECTNAME, halafu folda za usaidizi, na mwisho folda ya kuanzia iliyotajwa kwenye njia ya mkato ya Windows.

Utaratibu huu husaidia, lakini una hatari yake. Majina kama SAKAFU1.DWG hurudiwa katika miradi mingi. Faili ya jina hilohilo ikikutwa kwenye folda inayotafutwa, programu huipakia bila kulalamika, na mchoro wa jengo moja unabeba sakafu ya jengo jingine. Rejeo lililopatikana lakini si lenyewe ni baya kuliko lililopotea, kwa kuwa lililopotea hujitangaza.

== Njia za kurekebisha ==

Kanuni ya kwanza ni kuelekeza upya rejeo lililopo, si kuliondoa na kuambatisha jipya. Ukiliondoa, unapoteza nukta ya kuchomekea, kipimo, mzunguko na mipaka ya kukatia ambayo mchoraji wa awali aliipanga kwa uangalifu.

Kwa mchoro mmoja, paleti ya marejeo ya nje inatosha. Kwa michoro mingi kuna zana tatu zinazotumika sana:

* '''Reference Manager''', programu inayosimama peke yake, huorodhesha michoro pamoja na faili inazozitegemea, na hubadilisha sehemu ya njia katika michoro mingi bila kuifungua ndani ya AutoCAD.
* '''REDIR''', amri ya Express Tools, hubadilisha njia za marejeo, picha, maumbo na mitindo ya maandishi ndani ya mchoro uliofunguliwa.
* '''Hati za amri''' zinazotumia amri ya -XREF. Tangu toleo la 2013 zinaweza kuendeshwa na programu ya accoreconsole, mchoro baada ya mchoro, bila dirisha la programu.

Marejeo yaliyopandana hurekebishwa kuanzia chini. Mchoro A ukirejea B, na B ikirejea C, njia ya C imehifadhiwa ndani ya B, na hapo ndipo inaporekebishwa.

Wengine huunganisha kila kitu ndani ya mchoro mama. Majina ya tabaka yaliyokuwa SAKAFU1|KUTA huwa SAKAFU1$0$KUTA, na uhusiano na asili hukatika moja kwa moja. Hilo linafaa kwa nakala ya mwisho ya kukabidhi, si kwa hazina nzima.

== Programu nyingine ==

Programu ya MicroStation ya kampuni ya Bentley nayo hutumia faili za rejea.

== Hali ya sasa ==

Miundo ya BIM, yaani miundo ya kompyuta inayobeba taarifa za jengo, imepunguza utegemezi wa michoro ya DWG katika miradi mipya, lakini majengo yaliyochorwa zamani bado yanakarabatiwa, na michoro yake bado inahitajika. Anayeanza kazi hii atenge kwanza nakala isiyoguswa ya hazina yote, kwa sababu kuhifadhi mchoro hubadilisha tarehe ya faili na huenda kukabadilisha toleo lake la DWG. Akimaliza, aweke njia za uhusiano kila inapowezekana, na folda ya mradi ihamishwe daima ikiwa nzima.