Intavali za Wati: Vile Utamaliza Klasi ya Baiskeli Ukiwa Bado Msee

Ushawahi ingia klasi ya baiskeli za ndani, ngoma inabamba, kocha anapiga nduru "ongeza!", na dakika ya kumi unaona nyota? Miguu haina makosa. Ulikosa hesabu.

Wati ni nini? Ni nguvu unatoa saa hiyo: uzito wa pedali mara kasi ya kuzungusha. Jasho hudanganya, wati haidanganyi. Cheki fundi wa kunoa visu: baiskeli ikiwa kwa stendi, gurudumu linazunguka bure. Kisu kikigusa jiwe ndio miguu inaskia. Bila uzito hakuna wati, hata ukizungusha kama feni.

Jipime. Pasha mwili dakika 15, kisha endesha dakika 20 kwa nguvu yote unaweza shikilia. Chukua wastani wa wati, toa asilimia 5. Hiyo ndio FTP yako, karibu kile unaweza bonga nayo saa nzima. Wastani wa 200 unakupa 190.

Kazi yenyewe. Dakika 4 kwa asilimia 106 hadi 120 ya FTP. Kwa msee wa 190, hiyo ni wati 201 hadi 228. Halafu dakika 4 mdogo mdogo, karibu nusu ya FTP. Rudia mara 4, poa dakika 10. Mara 2 kwa wiki zinatosha, na zisifuatane.

Ngori iko hapa. Wengi hulipuka raundi ya kwanza, ya nne wanazima. Wati zikishuka sana mwishoni, ulianza na pupa. Na usiibe mapumziko, ndiyo yanalipia raundi inayofuata.

Uko Ogwedhi na hakuna mashine? Omera, toa black mamba, tafuta kamlima kasiko na magari mob. Kipimo ni mdomo: kwa kazi utoe maneno mawili matatu tu, kwa mapumziko uweze kupiga stori. Ukishuka, angalia breki kwanza.

Usikimbilie Tabata, zile sekunde 20 za moto na 10 za kupumzika. Utafiti wake wa 1996 ulifanywa Japani kwa baiskeli za ndani, na wale walikuwa vijana wa mazoezi.

Kifua kikiuma au kizunguzungu kikishika, simama, enda hospitali. Kama una presha au shida ya moyo, ongea na daktari kabla ya kupanda. Wati utazipata kesho. Moyo ni mmoja.