Bakuli la Kabureta
Peugeot 504 ya marehemu baba ilinizimikia Waiyaki Way, nikipanda Kangemi, lori likiwa nyuma yangu. Geji ilionyesha robo tangi. Siku tatu tu zilikuwa zimepita tangu tung'oe kabureta na kuweka injekisheni.

Gari hizi zina historia. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudia 1978, na wazazi wetu wengi walibanana ndani ya matatu za 504. Injekisheni nayo si ya jana: Bosch waliingiza ya kielektroniki sokoni 1967, kwenye Volkswagen.

Fundi mmoja mzee wa Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, aliniuliza swali moja tu: "Kijana, bakuli mmelipeleka wapi?"

Kabureta ina kibakuli cha akiba. Petroli ikikimbilia upande mmoja wa tangi, kwenye kona au mlima, injini inakunywa akiba hiyo. Injekisheni haina. Inataka presha ya karibu baa 3 bila kukatika. Pampu ikivuta hewa kidogo tu, umeisha.

Akanifungia kitangi karibu na injini. Pampu ya presha ndogo inakijaza, pampu kali inafyonza kutoka chini yake. Mafuta yanayorudi yanapitia humo, ziada ndiyo inaenda kwa tangi kubwa.

Sasa napanda Kangemi na robo tangi bila wasiwasi. Kumbe kile tulichotupa kama chuma kuukuu ndicho kilikuwa kikimfikisha baba nyumbani Uthiru.